Nyaatha: Habari za Sista Irene Stefani, Mwuguzi

Maneno yaliyosemwa na wauguzi wa misheni katika siku za Yubilei



Tumeagizwa tuseme habari za uuguzi katika misheni zetu. Tulipokaa kushauriana, mmoja wetu alitaka tutaje vitanda vyetu na majengo yetu, tangu kibanda cha kwanza cha nyasi hata nyumba hizi za mawe. Mwingine akasema kwamba watu wamekwisha kuchoka kuhesabiwa mabati. Basi tukapatana kusimulia maisha ya mtu mmoja, mwanamke, mtawa na mwuguzi, aliyefanya kazi yake katika nchi hizi akazikwa katika nchi hizi. Jina lake la utawa ni Sista Irene Stefani. Watu wa Nyeri walimpa jina jingine, Nyaatha, na hilo ndilo lililodumu vinywani mwao. Kwa Kikuyu neno tha maana yake ni huruma. Nyaatha ni mwenye huruma, mama wa huruma.

Habari za utoto wake hatutazikawilisha. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kilicho kando ya ziwa Idro, katika milima ya Brescia, nchi ya Italia. Nyumbani kwao walimwita Mercede. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, na mama yao alipofariki, binti huyu alikuwa bado kijana, akawalea wadogo zake. Wanawake mnaotusikiliza mwajua maana ya neno hilo, kulea wadogo pasipo mama. Hatuna haja ya kulifafanua. Mwaka 1911 aliingia katika shirika la Masista Wamisionari wa Consolata mjini Turin. Shirika lenyewe lilikuwa halijatimiza miaka miwili, kwa maana lilianzishwa mwaka 1910 na Padre Giuseppe Allamano. Padre huyu hakupata kukanyaga udongo wa Afrika maisha yake yote, walakini aliwatuma wanawe na binti zake huku. Naye alitangazwa kuwa mtakatifu mwezi wa Oktoba mwaka 2024. Sista Irene aliweka nadhiri zake mwezi wa Januari 1914, na mwisho wa mwaka ule ule akapanda meli. Mwanzo wa mwaka 1915 alishuka Mombasa, akapelekwa bara, hata nchi ya Wakikuyu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Alikuja kufundisha dini na kutunza wagonjwa vijijini. Lakini alikuta vita.

Hapa twaomba ruhusa yenu tukawie, kwa sababu habari hii vijana wetu wengi hawakufundishwa vema, na wazee waliokuwa wakiisimulia wamekwisha kufa wote. Vita vile vikuu vilivyoanza Ulaya mwaka 1914 vililetwa na huku, Waingereza upande mmoja na Wadachi upande wa pili, navyo havikuwa vita vya watu wetu. Katika mapori yetu kulikuwa na mbung'o, na mbung'o huua farasi na ng'ombe. Barabara hazikuwapo, na zilizokuwapo mvua iliziharibu. Basi kila kitu cha jeshi, unga, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga, kilichukuliwa kichwani na begani mwa mtu. Wapagazi hao walikusanywa kutoka kila kabila, wengine kwa mshahara, wengi kwa nguvu. Mwaka 1917, wakati vita vilipohamia upande wa kusini, serikali ya Waingereza ilifanya msako mkubwa wa watu katika vijiji vya Kenya, na machifu waliagizwa kutoa vijana wao. Kwa Kiingereza jeshi lile la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Watu wakaligeuza jina lile katika vinywa vyao, likawa Kariakoo. Ninyi mnaokwenda Dar es Salaam kununua kanga na viatu katika Kariakoo, na ninyi mnaopita Kariokor mjini Nairobi, mwapita mahali palipokuwa na makambi ya watu wale.

Idadi yao yote haikuandikwa vizuri, wala vifo vyao havikuandikwa vizuri. Katika waliotolewa nchi ya Kenya peke yake, waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Wala hawakuuawa na risasi, ila wachache. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na kichomi, na uchovu. Mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi, naye akaupika haraka jioni, kwa kuni mbichi, baada ya kutembea kutwa na mzigo. Ugali ukaiva nusu, tumbo likaharibika. Kisha akanywa maji ya dimbwi. Kesho yake akaamka na mzigo ule ule. Akianguka njiani, aliyebahatika alipakiwa katika machela au gari la moshi, akafikishwa katika hospitali za wapagazi.

Katika hospitali hizo ndimo walimotumwa mapadre na masista wa Consolata kusaidia. Sista Irene alikwenda mwaka 1916. Alianzia Voi, mahali pa joto na vumbi penye reli, ambapo wagonjwa waliletwa kutoka upande wa Taveta. Baadaye alivuka hata upande uliokuwa wa Wadachi, Kilwa Kivinje, na Lindi, na Dar es Salaam. Alikaa katika kazi hiyo mpaka vita vilipokwisha.

Sisi wauguzi tukisoma habari hizi, tunazisoma kwa jicho letu. Tunauliza: alikuwa na nini mkononi? Leo mtu akihara, hata mama asiyejua kusoma ajua kuchanganya maji na chumvi na sukari. Lakini dawa hiyo nyepesi ilianza kuenea ulimwenguni katika miaka ya 1970. Dawa kama penisilini haikuwapo. Kwa malaria ilikuwapo kwinini, nayo haikutosha watu wote. Kwa hiyo kazi ya mwuguzi katika mabanda yale, sehemu yake kubwa ilikuwa kuosha. Kumwosha mtu aliyejichafua, kumgeuza, kumwondolea nguo, kumletea maji, kumlisha uji kwa kijiko, kufunga vidonda vya miguu vilivyokwisha kuoza kwa funza na kwa mwendo. Kisha kwenda kwa mtu wa pili, na wa tatu, na wa mia, na jioni kurudi kwa yule wa kwanza ambaye amekwisha kujichafua tena. Wagonjwa walilazwa chini, wamebanana. Kazi hii haina sifa. Asiyeifanya hawezi kuijua, na aliyeifanya hapendi kuisimulia mezani.

Lakini hospitali zile zilikuwa na ubaya mmoja uliopita harufu: watu hawakuwa na majina. Mpagazi alikuwa na namba. Alipokufa, namba ilifutwa, wala mara nyingi hapakuwa na mtu aliyejua ni mtoto wa nani wala ametoka mlima gani. Sista Irene alikuwa akijifunza majina. Katika makambi yale Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila mengi, na lugha ile aliitumia kuuliza: Waitwa nani? Kwenu ni wapi? Una mke? Una mama? Maswali madogo sana. Sisi nasi tumefunzwa kuyauliza, ila siku hizi tunayauliza huku tumeinama juu ya karatasi.

Waliosimulia maisha yake wanaeleza jambo moja lililotokea Kilwa. Alikuwapo mgonjwa mmoja aliyekuwa akifundishwa dini naye, na siku moja Sista aliporudi akakuta mahali pake patupu. Akaambiwa: Amekufa, amekwisha kuchukuliwa. Maiti wa hospitali ile walikuwa wakipelekwa pwani. Neno lile halikumtuliza. Akashuka pwani peke yake, akafika mahali walipolundikwa wafu, akaanza kuwatazama mmoja baada ya mwingine, akiwaondoa waliolala juu ili awaone waliolala chini. Na huko ndani ya lundo akamkuta yule mtu, naye angali akipumua. Akamtoa, akamweka mikononi mwake, akambatiza, na baada ya hayo mtu yule akafa.

Tunajua kwamba wako watu, na pengine hata humu ndani, wasemao: Kubatiza watu wanaokaribia kufa ni kuwahimiza jambo wasilopata nafasi ya kulifikiri. Sista Irene aliwabatiza wengi sana katika miaka ile ya vita, nasi hatutalikimbia swali hili kwa sababu ni siku ya sikukuu. Twasema hivi tu. Alikuwa mtu wa zama zake na wa imani yake. Aliamini kwa moyo wote kwamba hana zawadi kubwa kupita ile ya kumpa mtu, wala hakuwa na dhahabu aliyoificha ili ampe maji badala yake. Zaidi ya hayo, aliwatunza wa kila dini na kabila. Lakini hata mtu asiye wa imani yetu akisikia habari ya pwani ile ya Kilwa, ataona neno moja lililo wazi. Jeshi lilikuwa limekwisha kumfuta mtu yule katika hesabu yake, naye alikuwa hai. Mtu mmoja tu duniani alikwenda kuhakikisha. Nasi tulio wauguzi twaona haya kidogo tukiisikia, maana twajua jinsi ilivyo rahisi kuamini neno la zamu iliyotangulia.

Vita vilipokwisha, Sista Irene hakurudi kwao kupumzika. Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, katika nchi ya Mukurweini upande wa Nyeri. Mwaka ule ule nchi iliyoitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki ya Waingereza ikapewa jina la Koloni ya Kenya. Gikondi alikaa miaka kumi, mpaka kufa kwake. Aliyefika huko anajua kwamba ni nchi ya migongo na mabonde. Nyumba waiona ng'ambo ile, wadhani utafika kabla ya kumaliza Rozari, kumbe yakupasa kushuka hata mtoni na kupanda tena, na jua limekwisha kupinda. Sista alikwenda kwa miguu, amevaa viatu vizito, asubuhi shuleni, mchana vijijini. Alifundisha watoto kusoma, alitembelea wagonjwa, alisaidia wanawake wakati wa kujifungua. Aliwaongoza pia masista wenzake wa pale, na wageni waliokuja kujifunza kazi ya misheni walijifunza kwake.

Nasi tungependa kusema habari za barua, kwa maana katika mambo yote ya Gikondi hili ndilo lililotugusa zaidi. Katika miaka ile vijana wengi wa Kikuyu walikuwa wametoka makwao. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana katika mashamba ya Wazungu, au Nairobi, au Mombasa. Kila mwanamume alifungiwa kipande shingoni katika kikopo chake. Huko nyuma mama zao walibaki hawana habari. Je, yu hai? Amepata kazi? Amemwacha Mungu? Amemsahau mchumba wake? Mama hajui kuandika. Basi akina mama wakawa wanamwendea Sista Irene, naye anaketi, anaandika kwa jina la mama, kwa Kikuyu, maneno ya mama. Na jibu likija, anamsomea. Vijana aliowafundisha shuleni nao aliwaandikia mwenyewe, kuwakumbusha nyumbani. Fikirini, ndugu zetu: mwanamke wa kigeni aliyetoka kando ya ziwa la Italia, anakuwa mkono wa mama wa Gikondi ulionyoshwa mpaka Mombasa. Hatuoni kwamba kazi hii ni nyingine mbali na uuguzi. Mgonjwa wetu mmoja mzee alituambia kwamba maumivu ya mguu wake ayaweza, lakini kutojua mwanawe yuko wapi ndiko kunakomnyima usingizi. Na kweli, siku mwana aliposikika katika simu, mzee alilala tangu magharibi hata alfajiri pasipo dawa.

Sasa tufike mwaka 1930.

Mwezi wa Septemba masista walikusanyika kwa mafungo, na katika mafungo hayo Sista Irene aliomba kwa mkuu wake ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misheni. Aliruhusiwa. Akarudi Gikondi. Mwezi wa Oktoba tauni ilikuwa katika nchi.

Vijana hawaijui tauni, wengine hudhani ni ugonjwa wa katika Maandiko tu. Huletwa na kijidudu aliyegunduliwa na mganga Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Viroboto humtoa katika panya, wakamtia mtu. Hapo mitoki huvimba kinenani na makwapani, homa hupanda, na kama haikutibiwa, wengi hufa. Ikiingia mapafuni huwa mbaya zaidi, kwa sababu haihitaji tena kiroboto. Mgonjwa akikohoa, aliye karibu huivuta. Hiyo isipotibiwa upesi huua karibu kila aipatayo. Leo iko dawa: streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na nyingine zikafuata baadaye. Wenzetu wauguzi wa Lushoto waliitumia miaka mingi, maana tauni iliingia wilaya ile mwaka 1980 ikawasumbua kwa muda mrefu. Lakini mwaka 1930, katika Gikondi, aliyeingia katika nyumba ya mgonjwa wa tauni aliingia mikono mitupu.

Alikuwapo mwalimu mmoja wa shule. Jina lake limeandikwa katika vitabu, nasi hatutalitaja hapa, kwa kuwa wajukuu wa watu wangali hai na marehemu ana heshima yake. Mwalimu huyu hakumpenda Sista Irene. Alitaka mahali pake katika uongozi wa shule, na kwa ajili hiyo alimfanyia uadui, akamsema vibaya. Tauni ikamshika. Watu wakaogopa, wala hatuwalaumu. Sista akaenda nyumbani kwake. Akamtunza, akakaa naye karibu kama mwuguzi akaavyo karibu na mgonjwa asiyeweza kujiinua, na mwalimu yule alifia mikononi mwake. Baada ya siku chache Sista mwenyewe akashikwa na homa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa. Alizikwa Mathari, Nyeri.

Ndugu zetu, tungaliweza kuishia hapo, na mngalitupigia makofi. Lakini tulipokuwa tukitayarisha maneno haya tuliona kwamba hatuwezi kumsifu Sista Irene kwa tendo lile tukanyamaza juu ya letu. Basi tutalisema.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, tulikuwa na barakoa chache, na glovu za kuhesabu, na hofu nyingi. Mgonjwa mmoja alilazwa katika chumba cha peke yake. Naye alikuwa mtu ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametushitaki kwa wakubwa wetu kwa jambo ambalo hatukulifanya, na mmoja wetu karibu apoteze kazi kwa ajili yake. Hakuna aliyesema: Tusimhudumie. Hilo halikusemwa. Dawa alipewa kwa saa zake, na kila kitu kiliandikwa katika daftari. Lakini uji tuliuweka mlangoni, chini, tukagonga, tukaondoka kabla hajaitika. Wagonjwa wengine wa ugonjwa ule ule tuliwaingilia, tukawainua, tukawapa kwa mkono. Yeye tulimgongea. Siku ya tatu, alfajiri, tulimkuta amekufa, na bakuli la jioni lilikuwa pale pale chini, limegandia utando juu.

Labda angalikufa hata kama tungaliingia. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuharibika, na mganga alitwambia hivyo. Lakini hatukuingia, na hatukuzuiwa na korona peke yake. Kila mmoja wetu alilijua hilo, na kwa muda mrefu hatukuliongea. Tulilitaja kwa mara ya kwanza tulipofika katika habari ya mwalimu wa Gikondi, usiku, tukisoma kwa sauti, na aliyekuwa akisoma akashindwa kuendelea.

Hatusemi kwamba mwuguzi atupe barakoa yake. Sista Irene hakuchagua kukosa dawa, alizikosa. Angalizipata, tunaamini angalizitumia, kwa maana mwuguzi aliyekufa hawezi kuwaosha walio hai, na watoto wetu nyumbani wana haki juu yetu. Wala hatumwelezi kana kwamba alitafuta kifo. Alimtafuta mgonjwa. Katika nyumba ile ya mwalimu mambo mawili yalikuwa yamesimama mlangoni, tauni na uadui, na katika hayo mawili ni tauni tu ambayo mtu ana udhuru kwayo. Sisi tulikuwa tumejifunika kwa udhuru ule wa kwanza ili tusiuone wa pili.

Yaliyofuata baada ya kufa kwake ni marefu, nasi tutayapita kwa haraka. Watu wa Gikondi na Nyeri hawakumsahau. Jina la Nyaatha lilipitishwa na bibi kwa mjukuu. Kesi yake ilifunguliwa mwaka 1984. Mwaka 2011 Kanisa lilikiri kwamba aliishi fadhila kwa namna ya kishujaa. Na tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, mbele ya umati mkubwa sana, alitangazwa kuwa Mwenye Heri. Naye Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam ndiye aliyetumwa na Baba Mtakatifu Fransisko kuongoza ibada ile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo kama hilo kufanyika katika nchi ya Kenya. Sikukuu yake ni 31 Oktoba.

Muujiza uliokubaliwa haukutokea Kenya, bali Nipepe, katika jimbo la Niassa, Msumbiji, mwezi wa Januari 1989. Msumbiji ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walimu wa dini pamoja na jamaa zao, zaidi ya watu mia mbili, walikimbilia ndani ya kanisa, silaha zikalia nje siku kadhaa, na joto ni kali, wala hapana maji ila yale ya ubatizo, yaliyokuwamo katika gogo la mti lililochongwa. Wakamwomba Sista Irene. Maji yale kidogo yakawatosha watu wote kunywa siku zile, na mtoto mchanga aliyezaliwa mle ndani akaoshwa kwayo. Mtoto yule akaitwa Irene. Sisi tuliopata kuosha watoto wachanga wakati wa kiangazi, bomba limekauka na ndoo ina kina cha vidole viwili, habari hiyo hatukuisoma kwa kuhesabu lita. Tulifurahi tu kwamba palikuwa na mtu mle ndani aliyekumbuka kumwosha mtoto.

Neno letu la mwisho ni ombi. Wapagazi wale wa Kariakoo wengi hawana kaburi lililoandikwa jina. Mjini Dar es Salaam iko sanamu ya askari mwenye bunduki, iliyosimamishwa mwaka 1927, na kila mtu aijua. Aliyembebea askari yule unga wake hakusimamishwa pamoja naye juu ya jiwe lile. Lakini katika nyumba zetu majina mengine yangalipo. Yupo bibi aliyeambiwa na mama yake kwamba mjomba fulani alichukuliwa kwenda Kariakoo asirudi. Tumenunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nalo litakuwa mezani katika chumba cha mapokezi cha zahanati, kuanzia kesho asubuhi. Ukurasa wake wa kwanza tumekwisha kuuandika sisi wenyewe, jina la mgonjwa wetu wa mwaka 2020, na ndugu zake tumewaomba ruhusa, wakatupa. Kurasa nyingine ni nyeupe. Kila mwenye jina la babu au mjomba aliyepotea katika vita vile, hata kama ni jina moja tu bila la baba, na atuletee kabla ya Misa ya Marehemu wote ya tarehe 2 Novemba, lipate kusomwa altareni pamoja na mengine. Asiyejua kuandika asione haya. Mmoja wetu atakuwapo pale kila siku tangu saa mbili mpaka saa sita, na kalamu.